Mikate Iliyouzwa Kabla Mlango Haujafunguliwa

Shangazi hakuwa shangazi wa kila mtu, ila kila mtu alimwita hivyo. Mwenye haki ya jina hilo alikuwa mmoja tu, mtoto wa kaka yake, ambaye leo ndiye mwenye duka la mikate. Lakini mtoto huyo alipokuwa bado anatambaa chini ya kaunta alikuwa akiita "Shangazi! Shangazi!" kutwa nzima. Wateja wakalidaka, waokaji wakalidaka, na haukupita muda hata msoma mita za umeme akawa anachungulia mlangoni kuuliza kama Shangazi yupo. Jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Miaka thelathini na mmoja amesimama nyuma ya kaunta ile ile ya mbao yenye bati juu. Upande wa kulia bati limelika na kung'aa, maana ndipo anapoegemeza kiwiko akisikiliza shida za watu. Anajua nani anataka mkate ulioiva sana pembeni na nani akiona weusi kidogo tu ananuna. Anajua fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara hununua mmoja siku za kawaida na mitatu akitembelewa na wakwe, na kwamba wakwe wakikaa zaidi ya wiki hurudi kwenye mmoja kwa hasira. Hayo yote hayakuandikwa popote.

Ukitaka kumwelewa mama huyu, shika mambo mawili. La kwanza ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa kwanza mkono dirishani. La pili, ahadi kwake ni deni la roho. Na hili la pili lina kisa chake.

Mwaka wa tatu tangu duka lifunguliwe, mama mmoja aliyekuwa akifua mashuka hospitalini alimwomba amwekee mkate. Alitoka kazini jioni sana, na kila akifika alikuta rafu tupu. Shangazi akamwekea, akaufunika kwa kitambaa. Alipoingia ndani mara moja kuosha mikono, kaka yake, ambaye ndiye alikuwa mwenye duka wakati ule, akauuza kwa bwana mmoja aliyesimamisha gari mbele ya mlango. "Mkate ni mkate," kaka akasema, "na mteja ni aliye mbele yako." Yule mama alipofika, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, Shangazi ndiye aliyelazimika kumwambia hakuna. Mama hakugomba. Alisema, "Sawa tu," akageuka, akaenda zake. Hiyo "sawa tu" ilimkaa Shangazi kooni usiku kucha, na kesho yake akatunga sheria yake.

Sheria ilikuwa hivi. Kila siku alifika dukani saa kumi na mbili asubuhi. Mlango wa wateja ulifunguliwa saa moja. Katikati hapo, saa kumi na mbili na nusu, akiwa peke yake kaunta, alipiga risiti za mikate yote aliyoombwa kuwawekea watu kwa ajili ya jioni. Nyuma ya kila risiti aliandika jina, au alama aliyoijua mwenyewe, kisha akazichoma zote kwenye msumari mrefu ukutani. Jioni mwenye mkate akija, Shangazi aling'oa risiti, akatoa mkate mpya wa tanuri la pili, lile la mchana, akapokea malipo, kwisha. Mkate wenye risiti umeshauzwa. Hata mwenye duka hawezi kuuza mali ya mtu. Kaka yake hakuwahi kujua kwa nini tangu siku ile hakuweza tena kugusa mkate uliofunikwa. Kila akinyoosha mkono alionyeshwa karatasi, naye kwa karatasi alikuwa muoga.

Kaka alipofariki, duka likashikwa na mwanawe. Waokaji walimwita Bosi, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, kwa sababu wengi wao walimwona utotoni akikojoa kwenye magunia ya unga. Alikuwa kijana mwenye akili, mwepesi wa kushawishika na kitu kipya. Mwaka huu akaenda kwenye semina ya siku mbili, akarudi na akili mnemba.

Siku ya kuifunga alikuja kijana wa mauzo aliyevaa viatu vya kung'aa, akavitazama kwa huzuni kila unga ulipovidondokea. Akawakusanya wote jikoni akaeleza. Mfumo utasoma kila risiti inayopigwa kaunta. Utajua watu hununua nini na saa ngapi. Kisha kila jioni utasema kesho waoke mikate mingapi asubuhi na mingapi mchana, ili isibaki na isipungue.

"Mfumo huu unajifunza wenyewe," akasema kwa fahari.

"Unajifunza kwa nani?" Shangazi akauliza.

Kijana akacheka, akadhani ni mzaha. Bosi naye akacheka.

Skrini ikawekwa mwisho wa kaunta, ikafunikwa plastiki laini kwa sababu ya vumbi la unga, na amri ikatoka kwamba asiiguse mtu mwenye mikono michafu. Katika duka la mikate nani ana mikono misafi? Kufikia saa sita mchana waokaji walikuwa wameshaipa jina: Bibi Harusi. Imefunikwa shela, haishikwi, na mahari yake hawataki hata kuiuliza.

Mwezi wa kwanza Bibi Harusi alitazama tu. Mwezi wa pili akaanza kusema.

Kila wiki Bosi alipata ripoti yenye nguzo tatu za rangi: asubuhi, mchana, jioni. Nguzo ya asubuhi ilikuwa ndefu kupita kiasi. Ya jioni ilikuwa fupi kama kisiki. Bosi akaichukua ripoti akaenda nayo jikoni kwa Chachu.

Chachu alikuwa mkuu wa zamu ya mchana, yeye na wenzake watatu, wenye tanuri la pili ambalo mikate yake hutoka saa tisa alasiri. Aliitwa hivyo kwa sababu huumuka upesi. Neno moja tu likimgusa, kifua kinajaa. Lakini mikono yake ilikuwa ya dhahabu, na miaka kumi na minne hakuwahi kuchelewa kazini ila siku mkewe alipojifungua.

"Ubao wako unasema jana mmeoka mia na hamsini," Bosi akasema. "Mashine ya kaunta inasema jioni imeuzwa sitini. Tisini imekwenda wapi?"

"Imeuzwa."

"Ingeuzwa ingeonekana."

Mwokaji mmoja aliyekuwa akipaka mafuta trei akaacha kupaka. Chachu akaweka chini kisu cha kukatia donge, polepole, kwa adabu ya mtu anayejizuia.

"Bosi, unaniambia mimi mwizi wa mikate?"

"Sijasema hivyo. Nauliza."

Bosi akatoka hadi kaunta. "Shangazi, jioni kunabaki mikate?"

"Haibaki hata makombo, mwanangu."

Alisema kweli tupu. Na Bosi, kwa masikitiko, akaona shangazi yake anamfunika Chachu kwa huruma. Shangazi naye akaona Bibi Harusi ni punguani, akamwambia hivyo kila mteja aliyesimama zaidi ya dakika moja.

Basi Bosi akafuata ushauri wa mashine. Asubuhi ikaongezwa mikate tisini. Mchana ikashushwa hadi mia moja. Matokeo yake yalionekana siku hiyo hiyo kwa mwenye macho: asubuhi rafu zilijaa mikate isiyo na mtu, ikakaa hadi jioni ikakauka, na jioni watu waliopita njiani wakakuta hakuna. Mikate tisini katika ile mia ilikuwa na risiti zake msumarini, ikabaki kumi kwa umma wote. Wiki iliyofuata Bibi Harusi akahesabu: jioni imeuzwa kumi. Akashauri mchana waoke sabini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Risiti tisini ukutani, mikate sabini rafuni.

Siku ya kwanza ya sabini, Shangazi alijitahidi. Wengine aliwasihi wachukue wa asubuhi, wengine akawagawia nusu nusu. Saa kumi na mbili jioni akaingia nesi, bado na sare, mabega yamemwanguka. Huyu nesi ni binti wa yule mama aliyekuwa akifua mashuka. Mama amestaafu siku nyingi, na mkate wa jioni sasa huchukuliwa na mwanawe. Risiti yake ilikuwa pale msumarini. Mkate haukuwepo.

"Mwanangu, leo wamenikosesha," Shangazi akasema, na sauti yake hakuitambua mwenyewe.

Nesi akatabasamu kwa uchovu. "Sawa tu, Shangazi."

Mlango ulipojifunga, Shangazi aligeukia skrini akaitukana tusi ambalo halijawahi kusikika katika duka lile, na tusi lenyewe halifai kuandikwa.

Kufikia katikati ya mwezi wa tatu Bosi alikuwa amekonda. Alikuwa ameleta mashine ili duka linufaike, na sasa duka linatupa mikate asubuhi na kufukuza wateja jioni. Akawaita wote. Akasema, macho chini, kwamba mwisho wa mwezi atazima tanuri la pili. Zamu ya mchana haijilipi. Chachu na wenzake watatu atawatafutia barua nzuri za kuwaombea kazi kwingine. Ile tisini hakuitaja, lakini kila mtu aliisikia.

Chachu safari hii hakuumuka. Hicho ndicho kilichomtisha Shangazi. Alivua aproni, akaikunja mara nne kama nguo ya sikukuu, akaenda kukaa nje kwenye kreti.

"Afadhali kufukuzwa kwa uvivu," alimwambia Shangazi alipomfuata. "Kwa wizi nitawaambia nini wanangu?"

"Mwizi ni hilo libibi la plastiki," Shangazi akamjibu. "Na nitaliumbua."

Kwa upande wake Bosi alikuwa amepiga simu kwa kampuni ya mfumo, amelalamika mpaka wakachoka. Kijana wa viatu hakuja. Walimtuma binti mmoja fundi, mfupi, mwenye begi la mgongoni na raba zilizochakaa. Alifika saa kumi na moja na nusu asubuhi, wakati waokaji wa zamu ya kwanza ndio wanatoa trei za mwanzo, akawasaidia kuzibeba bila kuombwa. Shangazi alipoingia alimkuta ameketi kwenye stuli pembeni ya kaunta na unga kwenye nywele.

"Umekuja kuitengeneza?" Shangazi akauliza.

"Nimekuja kukaa, Shangazi. Nikae kutwa nzima nione mnavyofanya kazi. Walionitangulia waliufunga mfumo, wakaondoka."

Shangazi akamtazama kuanzia raba hadi nywele, akamsogezea chai. Mtu anayesema amekuja kukaa hana ubaya sana.

Saa kumi na mbili na nusu ilipofika, mkono wa Shangazi ukaenda wenyewe kwenye mashine ya risiti. Tii, tii, tii. Alikuwa akimsimulia binti habari za fundi cherehani na wakwe zake, huku anapiga risiti, anaandika nyuma, anachoma msumarini. Binti alicheka mahali pa kucheka. Macho yake lakini yalikuwa kwenye vidole.

Mchana wateja walipopungua, akafungua kompyuta yake juu ya bati. "Shangazi, Bosi hupewa ripoti ya nguzo tatu. Mimi nimeikata siku nzima kwa dakika. Tazama hapa." Kwenye kioo kulikuwa na vilima vidogo vidogo vya siku nzima, na mwanzoni kabisa, kushoto, mnara mmoja mwembamba uliosimama peke yake. "Huu ni saa kumi na mbili na nusu. Kila siku, tangu tuanze kusoma risiti. Mikate tisini kwa dakika kumi. Na mlango wenu, nimeona leo kwa macho yangu, unafunguliwa saa moja."

Alikunywa chai yake iliyopoa.

Shangazi akautazama ule mnara. Saa kumi na mbili na nusu barabara ni tupu. Kaunta huwa kuna yeye, na paka akikaribishwa. Hakuna mteja. Hakuna mwizi. Mnara ule ulikuwa yeye mwenyewe, amesimama wima na ubishi wake wote.

Tisini.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, naye alikuwa ameisema methali hiyo mara elfu kwa watu wengine. Mikate ya jioni alikuwa akiiuza alfajiri, na mashine, isiyojua msumari wala mama wa mashuka, ikaamini ilichoambiwa. Ilijifunza kwake. Siku ile aliuliza inajifunza kwa nani, na jibu lilikuwa yeye.

Akamwambia binti anakwenda stoo kutafuta mifuko. Akakaa juu ya gunia la unga, mlango ameurudisha.

Njia rahisi ilikuwepo, na aliiona vizuri. Kuanzia kesho aache kupiga risiti asubuhi. Azipige jioni, mmoja mmoja, mteja akiwa mbele yake. Nguzo ya jioni itapanda, tanuri la pili halitazimwa, na watu watasema Bibi Harusi amepata akili. Binti yule alishajua, hilo lilionekana wazi, lakini alikuwa amenyamaza kwa heshima na angeweza kunyamaza hadi mwisho. Hakuna atakayejua kwamba Shangazi, aliyeitukana mashine mbele ya mji mzima, ndiye aliyeidanganya.

Ila Chachu angebaki na ile tisini mgongoni. Tanuri lake lingeendelea kuwaka, na bado kila Bosi akimtazama angemtazama kwa jicho lile. Mkate wa mtu Shangazi aliulinda miaka ishirini na minane. Jina la mtu je? Akapiga moyo konde, akainuka, akapangusa unga kwenye gauni.

Saa nane mchana zamu zinapobadilishana, wote huwa jikoni. Shangazi akaenda ukutani, akashika ule msumari kwa mikono miwili, akauvuta na kuupinda hadi ukang'oka na chembe za plasta, risiti zikiwa bado zimechomwa juu yake kama majani. Akaingia nao jikoni akauweka mezani, katikati ya madonge.

"Tisini hizi hapa," akasema. "Chachu hajaiba hata kombo. Ni mimi."

Akaeleza yote. Mama wa mashuka, kaka yake, bwana wa gari, "sawa tu", saa kumi na mbili na nusu. Hakujipamba. Alipomaliza, Bosi ndiye aliyeuliza.

"Miaka ishirini na minane?"

"Na miezi."

"Na mimi nilipokuuliza kama jioni mikate inabaki, hukuona haja ya kuniambia?"

"Uliniuliza kama inabaki, baba. Haibaki." Kisha akashusha sauti. "Lakini nilipaswa kufikiri. Nilikuwa na haraka ya kuicheka mashine. Nisamehe. Na wewe Chachu, nisamehe zaidi."

Uso wa Bosi ulipita rangi zote. Alikasirika, hilo lazima lisemwe, na alikuwa na haki. Alikuwa ametupa magunia ya unga kwa zaidi ya mwezi na kukaribia kuwatupa watu wanne. Alizunguka meza mara mbili. Akachukua msumari, akageuza risiti ya juu kabisa, akasoma nyuma yake mwandiko wa shangazi yake: *nesi, usiokauka*. Akageuza nyingine: *wakwe bado wapo, mitatu*. Kicheko kikamtoka bila ruhusa, akakimeza.

Akamgeukia Chachu. "Nilikutazama vibaya mbele ya wenzako. Mbele yao hao hao nakuomba radhi."

Chachu kifua kikajaa, kikajaa, kila mtu akasubiri. Kikashuka. "Nimepokea," akasema. Akavaa aproni yake. "Sasa tuoke mingapi? Maana donge halisubiri maridhiano."

"Mia na hamsini," Bosi akasema, "kama zamani."

Binti wa mfumo alikuwa mlangoni. Macho yake yaling'aa kuliko ya mtu yeyote mle ndani, na aliuendea ule msumari akaushika kwa uangalifu.

"Mnajua hiki ni kitu gani?" akauliza. "Mfumo wetu unahangaika kubahatisha watu watataka nini jioni. Shangazi anajua asubuhi. Watu wamemwambia wenyewe! Hakuna mashine inayopata habari nzuri namna hii. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunaisoma kama mauzo."

"Wewe ulijua tangu asubuhi," Shangazi akamwambia.

"Niliona mnara. Hadithi yake ilikuwa yako kusimulia."

Alikaa nao siku nne. Kwenye mashine ya risiti akaongeza kitufe kipya, akamwuliza Shangazi kiitwe nini, kikaitwa *Amewekewa*. Mkate ukiombwa asubuhi unaandikwa na jina la mwenyewe na saa atakayokuja, na hauhesabiwi kuwa umeuzwa hadi akija. Shangazi akadai na kitufe cha pili. "Yule aliyekuja akakuta hakuna, mashine inamjua?" Haikumjua. Kwa Bibi Harusi, mtu aliyeondoka mikono mitupu hakuwahi kuzaliwa. Kikawekwa kitufe cha *Amekosa*, na Bosi akaambiwa wazi kwamba hicho ndicho atakachokitazama kwanza kila jioni, kabla ya nguzo zozote.

Haikuwa muujiza, na asikudanganye mtu. Wiki ya kwanza mashine ilikosea kama kawaida, maana ilikuwa na karibu miezi mitatu ya mambo ya kusahau. Wiki ya pili Shangazi akasahau kitufe mara mbili, mkono wake ukaenda kwenye njia ya zamani, akajizaba kibao cha mkono mbele ya wateja. Kisha ikaanza kukaa sawa. Mikate ya kutupwa ikapungua hadi ikawa inatosha kikapu kimoja, halafu haikujaza hata hicho. Tanuri la pili lilipanda hadi mia na themanini, kwa sababu kitufe cha *Amekosa* kilionyesha watu thelathini ambao miaka yote walikuwa wakirudi nyumbani bila kitu, na hakuna aliyewahi kuwahesabu, hata Shangazi. Hilo lilimuuma, akalikiri.

Na ilipokosea, alikuwepo. Siku moja iliagiza mikate mingi ya Jumatatu. Shangazi akasoma, akatikisa kichwa. "Kesho shule zinafungwa. Punguza ishirini." Bosi akatazama skrini, akamtazama shangazi yake, akapunguza ishirini. Kesho yake jioni ilibaki mikate miwili. Tangu hapo ikawa desturi: Bibi Harusi anasema, Shangazi anasikiliza, kisha Shangazi anaamua, na sababu yake inaandikwa ili Bibi Harusi naye ajue. Shela la plastiki likaondolewa. Skrini sasa ina alama za vidole vya unga, na hakuna anayejali.

Jioni moja, miezi mitano baadaye, mkate wa mwisho ulikuwa rafuni. Bosi mwenyewe alikuwa kaunta, Shangazi yuko nyuma yake anakunja mifuko. Gari kubwa likasimama nje. Akashuka bwana mmoja, mwenye hoteli mbili mjini, mtu ambaye Bosi amekuwa akimfukuzia mwaka mzima ili apewe kazi ya kumpelekea mikate.

"Nimesikia sifa zenu," bwana akasema. "Nipe huo, nikauonje."

Shangazi akaacha kukunja. Kiwiko chake kilikuwa pale pale kwenye bati lililolika, naye akakumbuka jioni ile alipotoka kuosha mikono akakuta kitambaa kitupu.

Bosi alitazama mkate. Akatazama skrini. Kulikuwa na mstari mmoja: *nesi, saa kumi na mbili, usiokauka*.

"Huu una mwenyewe, mzee wangu," akasema. "Yuko njiani kutoka kazini. Nipe anwani yako, kesho saa tisa na nusu nikuletee wa moto mpaka mlangoni."

Bwana akakunja uso. Kisha akautazama tena mkate ambao mtu wa duka amekataa kumuuzia, akatoa kadi yake akaiweka kaunta. "Lete kumi," akasema, akatoka.

Bosi akageuka kumtazama shangazi yake, lakini alikuwa amempa mgongo, anafuta rafu iliyokuwa tayari safi. Mlango ukafunguliwa. Nesi akaingia na sare yake na mabega yake ya jioni, akauona mkate, akanyoosha mkono.

"Umeniwekea?"

"Amekuwekea huyo," Shangazi akasema, akionyesha kwa kidevu mtoto wa kaka yake.